Fomu Isiyo na Nafasi ya Mtu

Iyula, Alhamisi

Sijui kwa nini nilimwambia Mama Ezekia asiwe na wasiwasi, maana mimi mwenyewe ninao.

Asubuhi mtego uliowekwa kando ya mahindi yake ulinasa panya wa porini, mdogo kuliko kiganja changu, sikio moja limejaa kupe. Niliwatoa kwa kibano, kumi na mmoja, nikawatia kwenye chupa ya spiriti. Ndiyo kazi niliyopewa na watafiti: kutega, kutoa, kuhesabu.

Mama Ezekia alisimama nyuma yangu, amejifunika kitenge na jua linawaka. Homa yake inakwenda na kurudi tangu mavuno ya kahawa.

"Mwanangu, ni hao wanaoniumiza?"

"Sijui, mama."

"Si ninyi ndio wapimaji?"

Nikamweleza kwamba chupa zinapelekwa mbali, na majibu hayajawahi kunifikia. Nikamshauri aende zahanati. Akasema ameshakwenda mara tatu; wanapima malaria, hawaioni, wanampa vidonge vya maumivu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ndipo akageuka, akanionyesha nyuma ya goti. Kupe alikuwa ameng'ang'ania pale. Nilifuta kibano, nikamtoa taratibu. Nilipochukua fomu ya watafiti nimwandike kupe huyo, nikaona ina mahali pa kujaza aina ya panya tu. Mtu hayumo.

Nimekuja na kupe huyo nyumbani, yumo kwenye kichupa. Nimpe nani, sijui.

Mama Ezekia alinishukuru sana, kwa mikono miwili, kama mtu aliyetibiwa.