Namba Shingoni mwa Nozeli

Mchafukoge,
Dar es Salaam,
20 Novemba, 1983.

Kaka yangu Awadhi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye kibaraza cha nyuma, mikono nimeinawa kwa majivu kwa kuwa sabuni imeadimika, kwa hiyo ukikuta karatasi ina alama ya dizeli usishangae. Hujambo huko Tabora? Wifi Sabaha hajambo, na watoto je? Mama amenisimamia hapa, anataka nikuulize kwanza habari za kifua cha yule mdogo, kabla ya jambo lolote. Basi nimeuliza, utujibu. Sisi huku tunashukuru, tunakula na tunalala.

Baba ndiye aliyenituma nikuandikie. Kuna neno moja alitaka nikufikishie, nami nitalifikia. Lakini siwezi kulisema kabla sijakusimulia yaliyotokea katika uwanja wa mafundi kule Msimbazi, kwa sababu ukilisikia peke yake hutalielewa.

Miezi ya kiangazi lililetwa lori la kijiji kimoja cha ujamaa nyuma ya Nachingwea, limevutwa kwa mnyororo safari nzima. Walikuja nalo watu wawili. Mmoja ni dereva wake, Ndugu Vitalis, kijana mrefu ambaye hawezi kukaa chini hata ukimpa kiti. Wa pili ni mweka hazina wa kijiji, Bi Blandina, mama wa makamo, mpole wa sauti lakini macho yake hayaachi kitu. Injini ilikuwa imekufa kabisa, ikafumuliwa yote. Pistoni mpya zilipatikana kwa kibali, baada ya Bi Blandina kukaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka makarani wakamjua kwa jina. Korosho zote za kijiji zilikuwa zimelala ghalani zikingoja lori hilo, na wewe unaijua barabara ya kusini. Mvua zikiiwahi, hakuna atakayepita mpaka mwakani.

Injini ikafungwa tena, zikabaki nozeli. Kazi hii uliikimbia kwa harufu yake, kwa hiyo nikukumbushe. Ni ile ncha ya chuma, nyembamba kama kidole cha mtoto, inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Zipo nyingi za umbo moja na zinaingia mahali pale pale, lakini kila aina inarusha mafuta kwa pembe yake. Ukiweka isiyo yake, dizeli inapiga pasipotakiwa na pistoni inaungua mpaka inatoboka. Kinachozitenganisha ni namba iliyogongwa shingoni, ndogo kama mayai ya chawa. Nozeli za zamani za lori lile namba yao ilikuwa inaishia na 150.

Kupata nozeli Kariakoo mwaka huu si mchezo. Tangu ule msako wa walanguzi, maduka ya spea yana rafu tupu. Wenye mali waliogopa. Wengine walitupa vitu bondeni, wengine walichoma maboksi ili isijulikane mali ilitoka wapi. Mwishowe rafiki yake Baba, Mzee Mbaruku, yule anayetandika gunia nyuma ya soko, akaleta habari kwamba ana kopo la maziwa limejaa nozeli ndani ya grisi. Hazina boksi hata moja, aina zote zimechanganyika humo.

Tulikwenda wanne, Baba, mimi, Bi Blandina na Vitalis. Mzee Mbaruku kwa utani wake akamwambia Baba mbele ya watu kwamba siku hizi Fikirini hanunui hata nati bila binti kumsomea. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akaingiza mkono koponi, akawa anazitoa moja moja, anazifuta, anazizungusha kati ya vidole, anaweka pembeni. Mimi nikainama nimsaidie. Akafumba kiganja.

“Nimekwishachagua,” akasema.

Akazifunga sita kwenye leso yake, akatia mfukoni. Nikainuka. Tangu Mzee Mbaruku alipotoa utani ule nilijua kwamba nikimshika mkono mbele ya watu nitakuwa nimemvua nguo. Nikajiambia nitazisoma nyumbani.

Nyumbani hakunipa nafasi. Alizivalisha mwenyewe ndani ya injekta, yale mabomba ya chuma yanayozishika, na kukaza kofia zake, na ikishakazwa ile kofia shingo haionekani tena. Kisha akazipima kwenye pampu ya mkono moja baada ya nyingine. Zote zililia vizuri, ule mkoromo mwembamba unaoujua, na mafuta yakatoka kama moshi wa ubani. Presha ilikuwa sawa. Vitalis alifurahi mpaka akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili. Lakini pampu ile inakuambia nozeli ni nzima tu, haikuambii ni ya injini ipi. Baba analijua hilo kuliko mtu yeyote mjini hapa. Nilimtazama nikingoja aseme neno, akaniagiza maji ya kunawa.

Siku ya kuwasha, uwanja ulijaa watu. Mafundi waliacha kazi zao wakaja, na wingu lilikuwa limeshuka upande wa Ukonga. Bi Blandina alisimama kando ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Vitalis akapanda, akapiga stata. Injini ikakohoa, ikashika, watu wakapiga makofi.

Mimi makofi yalinishinda. Moshi ulikuwa mweusi tangu mwanzo, na chini ya ngurumo nilisikia mlio wa kugonga, kwa, kwa, kwa, kama mtu anayegonga mlango kwa funguo. Baba akasema injini ni mpya, itatulia. Kugonga kukazidi. Mafundi wakaanza kutazamana. Baba akapaza sauti kumwambia Vitalis aongeze mafuta. Nikasogea, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye silinda ya tatu na sikio langu kwenye mpini. Pale ndani kulikuwa kunapigwa nyundo.

“Zima,” nikamwambia Vitalis.

“Ongeza,” Baba akasema.

Vitalis alinitazama mimi, akamtazama Baba, mguu wake uko palepale kwenye pedeli. Hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe. Nilipita mbele ya baba yangu, nikavuta waya wa kuzimia kwa mkono wangu.

Baba aligeuza uso kunitafuta, akanikosa kidogo, akawa anatazama pembeni ya bega langu. Bi Blandina akaja taratibu akaniuliza kwa nini nimezima injini ya kijiji chake. Nilifungua injekta ya tatu ikiwa bado inachoma, nikalegeza kofia, nikaitoa nozeli juani nikaisoma. Ilikuwa 140. Nikaisoma kwa sauti, maana hapakuwa na namna nyingine.

Bi Blandina akauliza ni nani aliyezichagua. Alikuwapo siku ile kwenye gunia, alimwona Baba akizitoa koponi, lakini nadhani alitaka alisikie jambo hilo kutoka vinywani mwetu. Baba akalamba midomo. Akasema, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba labda binti alizichanganya nyumbani wakati wa kupima.

“Ni mimi,” nikasema. “Mimi ndiye niliyezichanganya.”

Sitakuficha, Kaka. Nilisema haraka kabla hajaongeza lingine. Vitalis alishuka, akanitamkia maneno ambayo sitayaandika, akatupa spana chini. Fundi mmoja akasema ndiyo matokeo ya kupeleka wanawake kwenye dizeli. Bi Blandina akasema tu kwamba injini itapelekwa kwa fundi mwingine, na kwamba twende nyumbani.

Tukaondoka kwa kufuata Msimbazi. Baba alikuwa ameshika bega langu kama anavyofanya siku zote tukitembea, na watu wanaotuona hudhani ni mapenzi ya baba na binti. Mkono wake ulikuwa mzito. Tulipofika njia panda ya Uhuru alisimama katikati ya watu, wachukuzi wakimpiga vikumbo.

“Nirudishe,” akasema.

Nikamwambia mambo yamekwisha, twende zetu.

“Nirudishe, Zamda.”

Tulipoingia uwanjani walikuwa wanaanza kufungua mabomba ya dizeli. Baba aliniomba nimsimamishe mahali alipo yule mama. Nikamsimamisha. Akavua kofia yake.

“Nozeli nilizichagua mimi,” akasema. “Binti hakuzigusa. Mimi sioni. Namba sizioni, na wewe mama ninayesema nawe, sijui umevaa nguo ya rangi gani.”

Hata wale wa mwisho wa uwanja waliacha kugonga. Bi Blandina alimtazama usoni. Kisha akauliza, bila ukali, sasa ni nani atakayechagua.

“Huyu,” Baba akasema.

“Huyu aliyenidanganya hapa hapa sasa hivi?”

“Alidanganya kwa ajili yangu. Injini hakuidanganya, aliizima.”

Bi Blandina alibana mkoba wake kwapani. Alisema kesho atakwenda na mimi kwenye lile kopo, sisi wawili tu.

Siku ya pili alifika na kioo cha kukuzia alichoazima kwa fundi saa. Mzee Mbaruku alitumwagia kopo zima juu ya gunia, safari hii bila utani. Kila nozeli niliisoma kwa sauti, kisha yeye akaninyang'anya akaisoma upya kwa kioo chake, midomo ikicheza. Jasho lilinitoka kama niko mahakamani. Katika zile sita za Baba mbili tu ndizo zilizokuwa za injini ile. Koponi tukapata mbili nyingine. Baada ya hapo kopo likawa tupu, na Kariakoo nzima haikuwa na zaidi. Bi Blandina akakaa chini kwenye gunia, akaniambia nyumbani kwake wameanza kulala zamu ghalani, kwa ajili ya wezi na panya, na wanamngoja.

Nikakumbuka zile za zamani. Baba alizikataa tangu mwanzo kwamba zimechoka, nazo kweli zimechoka, lakini hakuzikataa kwa macho. Nilizifungua zote sita, nikazitazama, nikachagua mbili, nikakaa nazo juu ya kioo cha dirisha na dawa ya kusugulia mpaka vidole vikafa ganzi. Ya kwanza ikalia vizuri. Ya pili ikadondosha tone. Nikairudia, ikadondosha. Nikairudia tena. Mama aliniletea chai ikapoa, akaiondoa. Baba alikaa kando yangu muda wote ule, hakunyoosha mkono kuzichukua. Ilipokoroma mwishoni, alishusha pumzi kabla yangu.

Vitalis hakukubali kuwasha mpaka silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ifunguliwe. Alikuwa na haki. Pistoni ya tatu ilikuwa imeanza kuungua ukingoni, imebabuka tu, haijatoboka. Fundi yule yule aliyenisema aliipitisha kidole, akasema dakika chache zaidi zingetosha. Gasketi ilikuwa ya shaba, ikachomwa moto ikarudishwa. Tulipowasha, moshi ulitoka kidogo ukakatika. Vitalis alizima, akawasha, akazima, akawasha, kama hataki kuamini. Bi Blandina alilia bila kutoa sauti. Waliondoka siku ileile, matone ya kwanza yakianguka. Juzi msafiri wa Kilwa ametuambia aliliona lori ng'ambo ya Rufiji, linakwenda.

Sasa unajua ambalo mimi na Mama tumekuficha tangu Ramadhani ya mwaka jana. Baba alitukataza. Alisema ukisikia utaacha kazi. Hospitali wamesema ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi, kilichobaki ni cha kutunza kwa dawa. Kwanza alikuwa ananiambia nimsomee namba ili apime kama nazijua. Nami nilisoma, naye akajifanya ananipima, tukaishi hivyo. Kama nimekukosea, nisamehe. Lakini nilikuwa nakaa naye kila siku, nikaona namna alivyokuwa anakihitaji kile kidogo cha kujiona bado ni fundi.

Na lile neno lake ni hili. Amesema nikuandikie uache ualimu urudi nyumbani ushike meza yake ya kazi, kwa kuwa meza haiwezi kukaa bila mwanamume.

Nimekufikishia. Na langu nalisema mimi mwenyewe, kwa mkono wangu: usirudi kwa ajili ya meza, Kaka. Rudi likizo umwone Baba, akuguse uso angali anaona kivuli chako. Meza ina mtu. Kwa sasa wananijia wawili watatu, wengine wakisikia ni mimi wanageuza, waache wageuze. Wewe hukuipenda kazi hii hata siku moja. Mimi naipenda, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sijifichi nyuma ya karatasi. Kabla sijaifunga barua hii nitamsomea Baba yote, na hapo aliposema ni mimi niliyezichanganya sitaparuka. Ukiipata ujue ameisikia.

Mama anakusalimu sana, anasema watoto wavishwe fulana asubuhi. Jirani zetu wote wa ua wanakuulizia. Msalimie Wifi Sabaha, mwambie kanga aliyoniagiza bado naitafuta.

Ni mimi ndugu yako,
Zamda Fikirini.

Nimekwisha kumsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie pale kwenye njia panda. Kisha akafumba macho, Mama akadhani amelala. Amesema nikuongezee haya: kwamba huko Tabora kuna karakana za reli, na ukibahatika kukuta dawa ya kusugulia nozeli, umnunulie fundi. Nikamuuliza niandike fundi nani. Akasema andika fundi tu, Awadhi ataelewa.