Waliomgeuzia Mwalimu Mgongo

Jumatatu, 3 Septemba 2012
Nimemaliza vyombo. Naahidi kuandika yote humu, hata ya aibu.
Mwalimu wa Historia amenipa upande mgumu kwenye mdahalo wa Ijumaa: shule za kale za China zilikuwa bora kuliko zetu za leo. Baba atakuja kunisikiliza. Baada ya hapo ataamua kama Januari niende bweni au nibaki hapa Tunduma nimsaidie mama sokoni. Naogopa.

Jumanne, 4 Septemba
Nimepeleka mchicha kambini kwa Wachina wanaojenga barabara. Mama Lin, mkalimani wao, anaongea Kiswahili kizuri. Babu yake alisoma shule ya kale. Chumba kimoja, mwalimu mmoja. Walikariri kitabu kizima kabla ya kuelezwa maana. Mvulana akiitwa, anamgeuzia mwalimu mgongo ili asichungulie kitabu, kisha anatamka yote. Akikosea, fimbo kiganjani. Fimbo hata sisi tunazo. Hiyo ya mgongo nimeipenda. Nitaionyesha.
Mama Lin kaacha kazi zake kwa ajili yangu. Namshukuru sana.

Alhamisi, 6 Septemba
Nakariri hoja zangu nikichota maji. Mdogo wangu anacheka: "Dada umekuwa redio!"
Sisi tunanakili ubaoni, tunafanya mtihani, tunasahau. Babu yule alikumbuka mpaka uzeeni. Nimeanza kuuamini upande wangu.

Ijumaa, 7 Septemba
Aibu.
Niligeuka, nikakariri bila kukosea. Sikufikiri kwamba wazazi wamekaa mbele na nawageuzia mgongo wote. Kwetu Wanyiha msichana hafanyi hivyo. Nikasikia minong'ono. Nilipogeuka tena, baba alikuwa amekunja uso.
Furaha wa upande wa pili akasimama. "Dada yangu, wasichana walikaa dawati gani?"
Nikakumbuka. Mama Lin alitaja wavulana tu.
"Hawakuwepo," nikasema.
"Basi wewe leo ungekuwa jikoni!"
Darasa zima likacheka. Tumeshindwa. Baba kaondoka bila kunisubiri.

Jumamosi, 8 Septemba
Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Baba akasema, "Jana ulinigeuzia mgongo." Nikapiga magoti, nikaomba radhi.
"Nilikasirika. Lakini ulipoulizwa ulisema kweli, na ulijua itakuangusha." Akachukua gunzi lingine. "Shangazi yako alililia shule. Tukapelekwa sisi wavulana. Wewe utakwenda bweni, mwanangu."
Mama akapiga kigelegele, mahindi yakamwagika. Nimelia. Kwa furaha.

Jumapili, 9 Septemba
Nimeshukuru kanisani. Kwa baba, kwa mwalimu, kwa dawati langu bovu lenye miguu mitatu. Kukariri kwa shule zile za kale nitakuchukua. Mlango wao uliofungiwa wasichana siutaki.
Mchana umetulia. Mama atapeleka mboga kambini kesho asubuhi. Nimemwomba amuulize Mama Lin jambo moja, arudi na jibu hiyo kesho: bibi yake, mke wa babu yule, alipata kujua kusoma?