Nilizihamisha Sarafu za Baba, Sasa Hataki Hata Kunitazama

Bi Firdaus, salaam nyingi kutoka Ggaba. Huwa nasoma ukurasa wako nikiwa kwenye cherehani na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakayeuliza, tena niulize habari za sarafu, lakini nimekwama na nyumbani hakukaliki, kwa hiyo nivumilie nikueleze yote.

Mimi naitwa Ayaa, nashona sare za shule, na baba yangu ni Mzee Ojera, askari polisi mstaafu aliyepiga tarumbeta kwenye bendi miaka ishirini na sita, sisi wanawe tulikulia kambini ndiyo maana hata leo nyumbani tunaongea Kiswahili. Mwezi wa pili Baba alipatwa na kiharusi, akalazwa Mulago wiki tatu, akatoka mkono wa kulia hauinuki na ulimi haumtii, sauti ipo lakini maneno hayaji, na kwa kuwa Mama alishatutoka nikamchukua nikae naye kwangu.

Katika vitu vyake kulikuwa na albamu ya sarafu, mia moja na kumi na mbili, ambayo tangu utoto tulikatazwa kuigusa. Nilipoifungua nikashtuka. Ile mifuko ya plastiki laini ilikuwa imeanza kunata kama sukari iliyomwagika, inanuka, na juu ya sarafu nyingi kulikuwa na utando wa kijani unaoteleza, nikatazama kwenye simu nikaona watu wanaeleza kwamba plastiki ya namna hiyo inakula sarafu polepole na dawa yake ni kuzihamisha. Nikasema basi, hii ndiyo zawadi nitakayompa Baba. Niliagiza Nairobi vile vikadi vigumu vyenye kidirisha katikati, unaweka sarafu, unakunja, unapiga pini za stepla pande nne, na albamu mpya ya kuvipanga, vikaja kwa basi, na kwa siku nne Baba akiwa amelala mchana mimi nafanya kazi, nazitoa kwa kucha, nazisugua kwa ndimu na majivu, zile sugu kwa dawa ya meno, zikang'aa Bi Firdaus kama zimetoka kiwandani jana. Nikazipanga vizuri kwa nchi na kwa mwaka, Uganda mbele, Kenya, Tanzania, Rwanda, kisha zile za Zaire, na mwisho senti za zamani zenye tundu za wakati wa mkoloni. Albamu mbovu nikaitia kwenye mfuko wa kavera nikaitupa.

Siku niliyompa, kaka yangu Olal alikuwepo, amekuja kutoka Nakawa anakofanya kazi ya ulinzi. Baba akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akarudi wa kwanza. Akachomoa kikadi kimoja kwa mkono wa kushoto, akakigonga mezani, akakiweka sikioni. Akagonga tena. Halafu akajaribu kukipasua kwa meno, na aliposhindwa akakitupa chini na kusukuma albamu nzima ikaanguka. Nikamuuliza Olal, "Amekuwaje?" Olal akasema, "Mimi nijue? Wewe ndiye umeharibu kitu cha Mzee. Rudisha kilivyokuwa." Nikamwambia kilivyokuwa kilikuwa kinaoza. Akanijibu, "Kioze basi! Kilikuwa chako?" Tukapigana maneno palepale.

Tangu siku hiyo, sasa ni wiki ya tatu, Baba hanitazami. Mazoezi ya mkono hataki, chakula mpaka alishwe na jirani, mimi nikiingia anageukia ukuta. Olal anasema kama Mzee atadhoofika ni juu yangu.

Nilitaka kurudisha mpangilio wake wa zamani, ila sikuuandika popote. Nina picha moja tu kwenye simu, ya ukurasa wa kwanza, niliipiga kuonyesha ule uchafu wa kijani. Na hapo ndipo usingizi unapokatika, maana nimeitazama picha hiyo mpaka macho yanauma na siuelewi huo mpangilio. Inaanza sarafu ya Zaire, inafuata shilingi ya Kenya, halafu yetu yenye samaki, tena ya Kenya lakini ya mwaka mwingine kabisa. Si nchi. Si miaka. Nikadhani ni wanyama, paa, ng'ombe, samaki, korongo, lakini wanachanganyikana. Nikadhani ni ukubwa, na kweli kubwa nyingi ziko juu, mara unakuta ndogo imekaa katikati yao kana kwamba imealikwa. Na mfuko mmoja katikati ya safu ya tatu hauna kitu, upo wazi, na pembeni yake sarafu zinaendelea. Kwa nini mtu aache pengo hapo?

Nisaidie. Nizirudishe kwenye plastiki mbaya ili Baba atulie, ziendelee kuliwa? Au niziache zilivyo, sarafu zipone na yeye anichukie? Na kama kuna msomaji anayejua ni kitu gani mtu anaweza kupanga namna hiyo, aniambie, kwa sababu hata ningesamehewa leo bado ningetaka kujua.

Ayaa, Ggaba

*

Ayaa mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikaipeleka kwa binamu yangu Swaibu, muuza vitambaa ambaye amekusanya sarafu tangu hajaota ndevu. Alisoma kwa utulivu mpaka alipofika kwenye ndimu na majivu. Hapo akashika kichwa. "Amezisugua? Zote?" Kwa hiyo tuanze na hilo, tulimalize. Sarafu ya kukusanywa haisuguliwi. Ule wekundu wa zamani, ule weusi wa shaba, ndiyo ngozi yake, na ukishaikwangua hairudi. Ulikuwa na haki ya kuziondoa kwenye plastiki ile, Swaibu anakuunga mkono kabisa, umeziokoa na kuoza. Lakini ulizitoa kwenye ugonjwa ukaziogesha kwa mchanga. Ulifanya kwa upendo, najua. Usirudie.

Kilichonikera zaidi si hicho. Umeniandikia kurasa tatu na hakuna mahali ulipoandika, "Nikamuuliza Baba." Ulimuuliza Olal, ukauliza simu, unaniuliza mimi na wasomaji wa gazeti zima. Mzee amepotewa na maneno, akili yake ipo. Wewe na kaka yako mlisimama mbele yake mkagombana kuhusu kitu chake kana kwamba mnagombania kiti kilichokuwa wazi. Ningekuwa yeye, mimi pia ningegeukia ukuta.

Ila kuna jambo ulilolieleza vizuri kuliko unavyojua. Alikigonga mezani. Akakiweka sikioni. Swaibu alikuwa amekaa nami dukani, akanitazama, akachukua shilingi mia mbili na mia tano kwenye droo, akaziangusha juu ya kioo cha meza moja baada ya nyingine. Kila moja ikalia kivyake. Ndipo nikakupigia simu siku ya Jumatatu nikakuomba ufanye jambo moja tu: ng'oa pini za kikadi kimoja, mwekee sarafu tupu mkononi, na usiseme kitu. Ulichoniandikia siku iliyofuata nakiweka hapa, kwa ruhusa yako, maana wasomaji nao wangekasirika wakikikosa.

"Bi Firdaus, nilichukua senti kumi yenye tundu, sijui kwa nini hiyo. Baba aliitazama muda mrefu. Akaiweka juu ya ncha ya kidole cha kushoto ikae yenyewe, akatafuta kwa macho, akanionyesha kwa kidevu kijiko cha chai. Nikaelewa. Nikaigonga kidogo. Ikalia. Akafumba macho, akaguna sauti ileile, ileile kabisa Bi Firdaus, kama mtu anayepokea wimbo. Kisha akanyoosha mkono anataka nyingine. Nilikaa chini nikang'oa pini mpaka vidole vikavimba. Kila niliyompa tuliigonga, akaguna, akaiweka kwenye kanga niliyotandika mezani, nyingine akaisogeza kushoto, nyingine kulia. Jua lilipofika kichwani kulikuwa na safu tatu. Nikatoa simu, nikalinganisha na ile picha. Ni zilezile, isipokuwa mbili zimebadilishana nafasi. Amezipanga kwa sauti, kutoka nzito kupanda juu! Miaka yote tukiwa watoto tulisikia kling, kling, chumbani kwake tukadhani anahesabu hela. Na katikati ya safu ya tatu alikuwa ameacha nafasi ya kidole kimoja. Nikampa sarafu, akakataa. Nikampa nyingine, akakataa. Nikampa ya tano, akanitazama usoni, mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akasema, 'Bado.' Bi Firdaus, alisema! Neno zima. Nikamwuliza, 'Bado nini, Baba?' Akagonga ya kushoto, akagonga ya kulia, akaguna sauti iliyo katikati yao, akaonyesha lile pengo. 'Bado.' Hajaipata. Kumbe anaitafuta. Olal alipokuja jioni nikamwambia avue viatu aketi akae kimya, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamimina sarafu zote za mfukoni mwake juu ya kanga bila kuambiwa."

Haya. Swali lako la udadisi limejibiwa na mwenyewe, sasa nikujibu yale mengine.

Kwenye plastiki mbovu hazirudi hata moja. Kwenye vikadi vya pini pia usiziweke, kwa sababu kwa mkusanyaji mwingine ni nyumba nzuri lakini kwa baba yako ni kufungia ndege kwenye kopo. Tafuta albamu yenye mifuko ya plastiki ngumu kidogo, isiyonuka. Ukiifungua ikakupiga harufu ya mkoba mpya, irudishe dukani. Sarafu iweze kuingia na kutoka kwa juu bila kulazimishwa, na mifuko iwe mikubwa kiasi ambacho mkono mmoja wa kushoto utaweza kazi hiyo.

Zile ambazo bado ziko kwenye vikadi, ng'oa pini zote nne kwa koleo ndogo kabla ya kufungua. Usivute kadi mpaka ipasuke, ncha ya pini inachora sarafu na huwezi kufuta mchoro huo. Zishike kwa kingo. Fanyia kazi juu ya kitambaa laini, siyo sakafuni. Kama kuna zilizobaki na utando wa kijani, Swaibu anasema nunua asetoni safi, siyo ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato, ichovye sarafu humo dakika chache, itoe, iache ikauke yenyewe. Fungua madirisha, na jiko la mkaa liwe mbali. Ndimu iachie samaki.

Kuziangusha mezani kumekwisha. Mlivyofanya na kijiko ndivyo, ila badili kijiko kwa kijiti cha mbao, kinatosha, na sarafu haiumii. Chini ya kila mfuko weka karatasi ndogo yenye namba ya nafasi yake, uandike wewe, naye akikubali ndipo uigandishe. Ile nafasi ya wazi nayo ipe namba. Usiijaze kwa kuwa inakukera kuiona tupu.

Swaibu atakuja Jumamosi na boksi lake la sarafu za ziada. Nimemwonya asianze kusimulia bei. Aketi, agonge, asubiri kuambiwa bado au ndiyo. Na anayemfanyisha Mzee mazoezi mweleze habari hii yote, kuguna kwake na neno lake, asikose hata kidogo, kwani mtu aliyepoteza maneno mara nyingi huyapata kwanza kwa kupitia sauti za kuimba, na huyo ndiye atakayejua namna ya kuendelea kutoka hapo. Msimbebeshe Mzee haraka yenu.

Olal umeniambia amekuomba msamaha. Vizuri. Mpokee, na umpe zamu ya kung'oa pini.

Limebaki moja, na hili halihitaji albamu wala asetoni. Umemrudishia baba yako sarafu zake, hujamwambia kwamba ulikosea. Leo, kabla ya chakula, kaa mbele yake, siyo pembeni. Mwite Baba. Mwambie ulizichukua bila kumuuliza, ukazisugua, ukaitupa albamu yake, na kwamba hutagusa kitu chake tena kabla ya kumsikia. Sema maneno yote mpaka mwisho. Kisha nyamaza, hata kama chai itapoa, umpe muda wa kukujibu.

Firdaus