Geji Niliyoiamini Kuliko Mpwa Wangu

Karakana ya Lori la Vijiji,
S.L.P. 61,
Mtwara.
20 Machi 1978

Mpendwa mpwa wangu Ismaili,

"Geji haina ndugu wala adui. Ikisema hewa inatosha, basi inatosha. Injini ikifa, aliyeiua ni dereva." Maneno haya bado yanasemwa hapa Mtwara. Gaudensi, katibu wa Kamati yetu ya Usafiri, aliyarudia wiki iliyopita mbele yangu, amekunja mikono kama mtu aliyekwisha kushinda. Ni uongo tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nayajua vizuri kwa sababu ni yangu. Niliyasema mimi, nimesimama, siku ile ulipoondolewa kwenye usukani.

Unisamehe kwa kutanguliza ugomvi kabla ya salamu. Mama yako angekuwa karibu angenifinya. Hamjambo huko Tanga? Mkeo Halima, kile kifua chake kimepoa? Na mtoto, nasikia anasimama kwa kushika ukuta, Mungu amkuze. Sisi huku miili ni mizima. Mvua zimenyesha vizuri, mihogo ya Mahurunga imesimama, ila Ruvuma umepanda ukaingia kwenye mpunga wa upande wa chini. Dada yangu, yaani mama yako, anatembea, anapika, anasali. Jina lako halitaji nikiwapo. Nikiingia uani hunikaribisha, huniwekea maji ya kunawa, kisha huingia ndani. Ni mwaka na miezi minne sasa.

Nimesikia kuwa huendeshi tena gari. Kwamba unabeba matita ya mkonge, wewe uliyekuwa ukijua hali ya injini kwa kusikiliza tu. Habari hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike, ingawa ningepaswa kuandika zamani.

Nikukumbushe mambo yalivyokuwa, maana nataka yawe kwa maandishi yangu. Lori letu lina turbo, ile feni inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa ndani ya injini. Fundi anayerekebisha pampu ya dizeli ni lazima ajue hewa inayoingia ina nguvu kiasi gani. Hewa ikiwa nyingi, mafuta yanaongezwa. Hewa ikiwa kidogo na mafuta yakawa mengi, moto unapita kiasi na pistoni zinayeyuka. Kwa hiyo tunafunga geji, kipimo cha mshale kinachosoma kwa kilo nguvu ya hewa, kwenye bomba la kuingizia hewa, tunaisoma lori likiwa na mzigo, ndipo tunagusa pampu. Geji ya lori ilikuwa imevunjika na hatukupata nyingine. Mimi nikachukua ya kompresa kuukuu ya kujazia matairi, inayosoma mpaka kilo kumi.

Wewe uliitazama ukasema, "Mjomba, hewa ya turbo haifiki hata kilo moja. Geji hii ya kumi itaionaje? Na mshale wake haulali kwenye sifuri. Tuipime kwanza kwa mpira wa maji." Ukaeleza kwamba mpira uliojaa maji, ukiinuliwa mita kumi, unatoa kilo moja pale chini, na mita sita unatoa sehemu sita kati ya kumi za kilo. Ulisema hivyo kwa adabu, umeshika kofia mkononi.

Nami niliyesoma kila kitabu cha injini kilichowahi kufika mji huu, niliyekuwa nikiandikia magazeti barua za kuwasuta wakubwa, nikakujibu mbele ya mafundi wote: "Wewe unataka kuendesha lori au kumwagilia mchicha?" Wakacheka hadi wakashika magoti. Wakakuita Bwana Mchicha. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Kisha nikagonga kioo cha geji kwa kidole, kama tufanyavyo mafundi wote hapa, mshale ukashuka mpaka sifuri, nikasema imepona. Tulikuwa tukiamini kidole kuliko kipimo.

Geji ikasoma kilo moja na zaidi. Nikafungua pampu. Siku ya tatu, wewe ukiwa kwenye usukani, kwenye kilima cha kutoka Mahurunga, pistoni mbili zikatoboka. Korosho za vijiji vitatu zikanyeshewa barabarani, watu wamesimama wakizitazama zikilowa.

Sasa nifike mahali pagumu. Kwetu mtu akishitakiwa, baba yake hukaa kimya na mjomba ndiye husimama kumsemea. Siku kamati ilipokushitaki, mkutano wote ulikuwa ukinisubiri mimi. Mama yako aliketi upande wa wanawake, akanikazia macho nilipoinuka, akajua mwanawe amepata mtetezi. Nikasema yale maneno niliyoyaandika hapo juu. Nikaongeza kwamba dereva anayelazimisha gia mlimani anahujumu mali ya umma. Neno hujuma nililileta mimi, Ismaili. Gaudensi hakuwa nalo. Aliliokota kinywani mwangu akaliandika kwenye azimio.

Niliogopa, ndiyo sababu yenyewe. Kama kosa si lako, lilikuwa langu, na miaka yote nimewapigia kelele viongozi wasiokiri makosa. Ilipofika zamu yangu, nikafanya kama wao. Tena mimi nilifanya vibaya zaidi, maana wao huwatupia lawama watu baki.

Pistoni mpya zilifika Januari. Nikafunga injini, nikatumia geji ileile, nikafungua pampu kama zamani. Dereva wa sasa ni Andrea, yule mtoto wa mwalimu aliyetoka Songea. Alizunguka na mzigo mara moja tu, akarudi na moshi mweusi kama wa tanuri la mkaa. Akazima injini, akashuka, akaniuliza mbele ya watu: "Fundi, na moshi huu nimeuleta mimi? Niambie mapema, nifunge virago nimfuate Bwana Mchicha."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikaenda kwa Stefano, fundi wa bomba, kuazima mpira. Tukaujaza maji, nikafunga geji chini, yeye akapanda ngazi ya tanki la maji na ncha ya juu, akinitajia mita. Kabla hajainua chochote, mshale ulikuwa juu ya sifuri. Mita sita, geji ikasema kilo moja na zaidi. Mita nane, mshale haukusogea. Stefano akapaza sauti kutoka juu, "Fundi, vipi geji? Imesemaje?" Ilikuwa imesema kwamba kila ulichonieleza kilikuwa kweli, na kwamba kukithibitisha kulihitaji mpira wa kuazima na asubuhi moja.

Kupimia hewa ya turbo kwa geji ya kompresa ni kupimia chumvi ya mchuzi kwa mzani wa magunia ya korosho. Mshale unasogea unene wa ukucha, na unene huo ndio maisha ya injini. Dada Martha wa stoo ya hospitali alinipa geji iliyoachwa, ya chungu cha mvuke cha kuchemshia vyombo, inayoishia kilo mbili. Niliipima kwa maji mita kwa mita, nikaweka alama za rangi kwenye kioo pale maji yalipothibitisha. Nikaifunga kwa mpira mrefu ili mtetemo wa injini usiuchezeshe mshale. Ikaniambia kuwa hewa yetu ni sehemu sita tu za kilo. Nikapunguza mafuta. Lori limepanda kilima kile mara tano sasa, na moshi wake ni mwepesi.

Nilidhani ukweli ukipatikana umetosha. Nikapeleka geji zote mbili kwa Gaudensi. Akazitazama kama mtu aliyeletewa samaki wa jana. "Fundi Issa," akasema, "siku ile ulisimama ukasema nini? Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba geji haikosei. Leo unataka tuamini mpira?" Nikamwambia nilikosea. Akajibu kwamba azimio halifutwi kwa sababu ya fundi kubadili mawazo, na kwamba mshitakiwa hayupo, alikimbia, na asiye na hatia hakimbii. Tulitukanana, sikufichi. Hatimaye wazee wawili wa kamati walimbana, akakubali kesi isikilizwe upya Jumamosi, tarehe 22 Aprili, kwa sharti moja: uwepo mwenyewe. Usipokuwepo, azimio linabaki na leseni yako waliyoichukua siku ile haitarudishwa.

Sikuombi unisamehe. Hilo ni lako, na ukininyima nitajua kwa nini. Najuta kwa kicheko kile, najuta zaidi kwa kusimama. Nimezoea kushinda mabishano, mpwa wangu, na sikujua kwamba kuna bishano ambalo mtu akilishinda anapoteza nyumba ya dada yake.

Elizabeti wa posta anakusalimu, anauliza kama bado unaimba ukifunga nati. Babu Mussa anakusalimu na anasema macho yamepungua, usikawie. Mwanakombo, binti yangu, ameolewa Madimba, amekuombea dua. Mama yako hakunituma salamu, ila nilipomwambia nakuandikia alitoka nje na bakuli la korosho alizozikaanga, akaliweka mezani karibu na karatasi. Korosho hizo nimempa mwenye kuleta barua hii akufikishie.

Mwenyezi Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape riziki isiyo na simango.

Sasa nasema na ninyi wawili. Halima, usimwache akae kufikiri, funga mizigo. Na wewe Ismaili, kuwa Mtwara kabla ya tarehe 22 Aprili. Uje na kichwa juu, ukae mbele ya kamati nzima, na usifungue mdomo. Safari hii niache mimi nisimame.

Mjomba wako akupendaye na aliyekukosea,
Issa