Mizunguko Mia Tatu ya Basora

Jumanne, 6 Juni

Barua kutoka klabu kubwa ya besiboli inayotumiliki. Mpira wa kupinda wa Yerlin Basora umepoteza mizunguko mia tatu kwa dakika tangu mwezi wa tano. Wanampa mazoezi mawili tu ya kupimwa, Jumamosi hii na ijayo. Asiporudi alipokuwa, anaachwa — tiketi ya ndege ya kwenda kwao San Pedro, imekwisha. Miaka ishirini na miwili, na huo mpira wa kupinda ndio riziki yake yote. Kasi hana.

Mimi ndiye kocha wa warushaji kwenye timu yao hii ndogo, kwa hiyo ni kazi yangu kujua mizunguko hiyo imekwenda wapi. Nimetafuta kila mahali isipokuwa chini ya kitanda.

Alhamisi, 8 Juni

Sasa sielewi kabisa. Mechi ya jana Basora karusha awamu saba kati ya tisa, na wapigaji tisa wamerudi kukaa bila kuugusa mpira. Ule wa kupinda unakuja usawa wa kifua, halafu unaanguka kama uliokatwa kamba. Yule wa tisa alipiga hewa mpaka akapiga goti. Huo ndio mpira uliopungukiwa?

Ningewatumia vipimo vya mechi. Lakini mtambo wa kupimia wa uwanjani ulivunjwa na mvua ya mawe Mei, na vipuri havijafika. Huko juu wanaona mazoezi tu, kupitia kidude cha kupimia mizunguko alicho nacho Maren. Maren ndiye binti wetu wa takwimu — umri wa mwanangu, akili mara tatu yangu. Nikamwambia mimi nina macho. Akasema, kwa upole, fomu haina safu ya macho.

Jumamosi, 10 Juni

Mazoezi. Mirusho ishirini na mitano, Maren na kidude chake nyuma ya Brandvold, mdakaji. Miwili imechimba ardhi. Mmoja umepita juu ya uzio. Mizunguko elfu mbili mia moja. Aprili ilikuwa elfu mbili mia nne na ushee.

Nikamsogeza mguu. Nikaurudisha. Nikamwambia apunguze nguvu, kisha aongeze. Brandvold akavua barakoa.

"Mzee, ukimaliza kumpanga huyu, njoo nyumbani unipangie na kabati."

Basora hakucheka. Anasema mpira haukai vidoleni. "Labda mimi ni mtu wa mechi tu, Kocha. Mazoezini naona aibu."

Nikamwambia aibu haipunguzi mizunguko. Nimejuaje? Sijui. Kwenye fomu nimeandika: bega? usingizi? viatu? Alama za kuuliza tupu, kama mlolongo wa ndoano zisizo na samaki.

Jumatatu, 12 Juni

Mapumziko. Nimeweka video zake nne. Ya pili ilinikuta nakoroma.

Maren kapiga simu: warushaji wengine pia wameshuka, kidogo. Ila wao wanaishi kwa kasi, hakuna aliyejali. Nikasema ni joto. Hapa Iowa mwezi wa sita — nani atabisha?

Alhamisi, 15 Juni

Tena. Jana awamu sita, hakuna mpinzani aliyepata hata alama. Trautwein, meneja wetu, kaniuliza kama kijana ana pacha na tunawachanganya. Kwa kweli hilo ndilo wazo bora nililosikia wiki nzima.

Jumamosi, 17 Juni

Elfu mbili na themanini. Mbaya kuliko zote.

Maren alikaa na kidole juu ya kitufe cha kutuma fomu, ananitazama. Nikamwambia atume tu. Saa tano asubuhi ikatumwa. Basora alikuwa anaokota mipira mwenyewe, mmoja mmoja, anaifuta kwenye suruali kabla ya kuiweka ndooni.

Jumamosi hiyo hiyo, saa tisa na nusu alasiri

Naandika haraka.

Nilikuwa chumba cha vifaa, nasugua mipira ya mechi ya leo. Kazi si yangu. Bwana wa vifaa aliacha Aprili, nikabebeshwa. Dazeni saba kila mechi. Tope kidogo kutoka kwenye kopo, tone la maji, viganja viwili, mpaka ngozi ya mpira iache kuteleza. Basora kapita kuchukua taulo. Kaokota mmoja, kauzungusha vidoleni.

"Huu hapa. Mbona huu asubuhi haupo?"

Asubuhi. Mipira ya mazoezi.

Zamani nilikuwa naipaka hiyo pia. Mei kopo likabaki nusu, mgongo ukaanza kelele zake, nikaamua mazoezini watarusha mipya, kama ilivyotoka kwenye boksi. Ni mazoezi tu, nikajiambia. Mipya inateleza kama sabuni. Mwenye kasi hajali sana. Lakini mtu wa kupinda, anayeishi kwa vidole viwili — nimempa sabuni mwezi mzima, halafu namsogeza mguu!

Mia tatu zote zilikuwa ndani ya kopo langu.

Nikafungua mdomo. Trautwein akawahi, yuko mlangoni: "Basora. Ofisini kwangu." Nyuma yake, chumba kizima cha kuvalia kikatazama viatu, ndivyo tunavyofanya mtu akiitwa hivyo. Nikamkandamizia kijana ule mpira mkononi. "Ingia nao. Mwambie asubuhi haukuwa huu. Nakuja."

Nikamkimbilia Maren — mimi, kukimbia. Anasema mirusho kumi inatosha, kidude kiko tayari, lakini meneja lazima apige simu juu kabla barua ya kumwacha haijasainiwa. Na fomu ya kupima upya ina safu ya sababu. Hiyo nitaijaza mimi, kwa jina langu.

Sasa niko kwenye benchi nje ya ofisi. Nimebisha. "Subiri, Lonnie," kaniambia Trautwein kutoka ndani. Mipira mitatu mapajani, imesuguliwa vizuri kuliko yoyote ya maisha yangu. Ukurasa huu umejaa alama za vidole.

Mlango umefunguka kidogo. Basora kachungulia, mpira bado kaushika.

"Kocha, bosi anauliza nani aliacha kuisugua."

Nimenyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Huo huo wenye tope.

"Basi aingie, ndipo nipige simu juu," sauti ya Trautwein.

Naingia. Namalizia mstari huu tu —