Kaka Yako Hashuki Mlimani

Shemeji Richard,

Basi pale simu yangu ilipoisha chaji nilikuwa nakwambia habari za hema. Kaka yako Yoeli anapeleka wageni kulala mlimani, na siku hizi hawataki penye watu. Wanataka palipojificha, eti wasikie ndege tu. Nikawaambia waje walale kwenye migomba yangu, ndege wapo na chai ipo. Wakacheka.

Ndiyo Yoeli akaaga, anakwenda kuwatafutia sehemu. Alishazipata zamani, shemeji. Wageni wamelala, wamerudi kwao, yeye hashuki. Nikimpandishia makande ananiambia, "Mama Joyce, huku pametulia." Magoti yangu ndiyo hayajatulia. Kila asubuhi naangalia moshi wake kule juu ya mashamba, nikiuona najua kaamka.

Sokoni Kikatiti wanasema nimemfukuza. Nawaacha waseme. Wewe unajua ni yale masale, mimea ya wazee, uliyong'oa Krismasi kwenye kaburi la baba yenu, ukaweka marumaru. Uliona unapapendezesha. Yeye anasema hashuki mpaka umpelekee jani la sale kwa mkono wako, umwombe msamaha kama wazee walivyoombana.

Sasa mche mmoja wa sale niliuokota nikaupanda nyuma ya jiko, na umeshika. Wewe njoo mikono mitupu tu, nitakukatia jani. Mimi nimechoka kupanda, shemeji.

Joyce ananiita huko nje, anasema leo moshi hauonekani. Ngoja nivae viatu.

Shemeji yako,
Mama Joyce