Shangazi wa Evelyne

Muleba,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Philbert,

Nakusalimu wewe, mkeo Hellen na wote mlioko nyumbani Kanazi. Natumaini mguu ulioumia ulipokuwa ukipunguza majani ya migomba umepona, na kwamba hujaanza tena kujifanya kijana. Huku mvua ni nzuri, maharage yametoa maua. Mimi ninakula, ninalala kiasi, na dawa zangu ninazimeza. Nimezitaja dawa mapema kwa sababu barua hii inazihusu.

Nilifundisha biolojia hadi nikastaafu, lakini mwalimu hastaafu kueleza. Nivumilie basi.

Ulipokuja kunijulia hali mwaka jana, nilikwambia daktari amekuta magonjwa mawili yamekaa pamoja ndani yangu: wasiwasi, na ile huzuni nzito wanayoiita sonona. Ulicheka, ukasema huo ni ugonjwa wa wenye pensheni, kwamba mkulima wa Kanazi hana nafasi ya kusononeka kwa kuwa palizi haimsubiri. Nami nilicheka, maana ulichekesha. Lakini hukuelewa, na kosa ni kwamba sikukupa mfano.

Mfano ni huu. Siku moja kahawa yangu ilikuwa imeanikwa uani, nikasikia ngurumo. Moyo ulianza kunidunda kana kwamba nyumba inaungua. Nikaona kahawa imeoza, nikaona njaa, nikaona hata mazishi yangu. Huo ndio wasiwasi. Papo hapo mwili ulikaa kitandani kama gogo, ukaniambia iache ilowe, kwani kuna faida gani. Hiyo ndiyo sonona. Mmoja unakukimbiza, mwingine umekufunga miguu. Mvua ikanyesha, nami nikaitazama kahawa dirishani ikilowa, natetemeka, sinyanyuki. Mtu wa namna hiyo si mvivu, Philbert, wala si mwendawazimu. Ni mgonjwa, na anatibika. Msimu huu nimeanika na kuanua mwenyewe.

Sasa nije kwenye harusi ya binti yako. Uliponipigia simu kwamba siku ya kumtoa Evelyne nipumzike, kwamba barabara ya kutoka Muleba itanichosha na binamu yetu atashika nafasi yangu, nilikushukuru. Niliumia, kwa sababu shangazi ndiye anayemsindikiza binti wa kaka yake hadi kwa mumewe, na binti mwingine sina. Hata hivyo nilisema moyoni kwamba mdogo wangu ananihurumia.

Wiki iliyopita nilikwenda Bukoba kuchukua dawa, nikapitia sokoni. Hapo nikakutana na Benigna, mama yake Lameki anayemwoa Evelyne. Alinishika mikono yote miwili. Akanipa pole kwa kufiwa na wazazi nikiwa mchanga, akasema Mungu aibariki familia ya mzee Rugaibula, baba yetu, iliyoniokota na kunilea kama mtoto wao.

Nilisimama na mfuko wangu wa dagaa, nikaitikia amina.

Naijua mila yetu. Kabla ya kuoa, watu huuliza ukoo una maradhi gani, na swali la maradhi ya kichwa huja mapema. Waliuliza, ukaogopa. Ungeweza kusema kwamba nina maradhi na natibiwa. Ungeweza hata kunyamaza. Wewe ukaona njia nyepesi ni kunitoa kwenye damu. Mimi niliyekubeba mgongoni kwenda kisimani, mama alipokuwa amelala na homa. Ugonjwa wangu umewahi kuniambia mambo mengi mabaya usiku na mchana, lakini haujawahi kuniambia kwamba sina kwetu. Hilo nimelisikia kutoka kwako.

Limebaki jambo moja, nalo si langu. Evelyne ameniomba niliandike, kwa kuwa yeye hawezi kukutazama usoni akalisema. Tangu baada ya Krismasi binti yako anatibiwa magonjwa yale yale mawili. Alikuja kwangu badala ya kwako kwa sababu siku ile ya utani wa pensheni alikuwa jikoni kwangu, akasikia. Lameki anajua tangu mwanzo. Mara nyingi ndiye anayemsindikiza kwa daktari. Jana wawili hao walimweleza Benigna, wakamwambia pia mimi ni nani. Alisema ugonjwa haumtishi, hata kwao upo; kinachomsumbua ni kujua ni mangapi mengine aliyoambiwa Kanazi ambayo si kweli.

Kwa hiyo jiulize, mdogo wangu: kama mimi niliokotwa, Evelyne magonjwa haya ameyatoa wapi?

Ameapa kwamba hatoki nyumbani kwako bila mimi kando yake. Nitakuja. Sitakuaibisha mbele ya wageni, na sitasema lolote. Utasema wewe. Kabla kahawa ya kutafuna ya kukaribishia wageni haijazungushwa, utasimama na kuwaambia wakwe mimi ni nani kwako. Usiposimama, nitarudi Muleba kimya kimya, na binti yako nitaondoka naye.

Msalimie Hellen, mwambie mbegu za maharage nitamletea. Mguu usiukanyagie sana.

Ni mimi dada yako, wa baba mmoja na tumbo moja,

Kokushubila Rugaibula